Mkono wa Kwanza Kwenye Nyama

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana anayewasalimu leo amesimama kwa miguu yake miwili.

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona naruka huku na huku, nivumilieni. Nitafika.

Mimi nyama naipenda. Sijifichi. Na mimi ndiye mkubwa wa ukoo wetu hapa Mkumbi. Mnaijua sengu yetu sisi Wamatengo: jioni wanaume na vijana wa ukoo tunakula pamoja nyumbani kwa mkubwa, kila mama analeta chungu chake, tunaongea mambo ya shamba na ya watoto. Kukiwa na nyama, mkubwa ndiye anayetia mkono kwanza. Kabla yake hagusi mtu. Basi mimi nilitia mkono na kiwiko! Maini, figo, ngozi ya nguruwe, mafuta yanatiririka mpaka kwenye ndevu. Marehemu baba alikuwa anasema mzee mwenye ndevu kavu hana watoto wa kumtunza. Lakini baba tumwache apumzike.

Mwaka juzi nilishuka Liuli kumsalimia dada yangu aliyeolewa kule ziwani. Alfajiri dole gumba la mguu likawaka. Ndugu zangu, moto! Hata shuka likiligusa, napiga kelele. Dada akanipakia bodaboda kwenda hospitali, mguu nimeunyoosha mbele kama bunduki.

Daktari alikuwa binti wa Tanga, Mwislamu, mpole sana. "Shikamoo, babu," akasema. Akanipima damu, akanipima presha. "Una gauti, na presha iko juu. Nyama nyekundu uipunguze. Kipande kidogo, mara moja moja. Maini na figo uache. Hata usipa, hawa dagaa wa hapa ziwani, usijaze bakuli. Vidonge usikose, na maji unywe kwa wingi."

Nikaitikia yote. Nikarudi Mkumbi, nyama nikaiacha, nikahamia kwenye supu. Niliona supu ni maji tu, na yeye si kasema maji kwa wingi? Kila siku ya gulio, bakuli mbili na pilipili.

Mguu ukavimba kuliko mwanzo! Ikawa msimu wa kuchimba ngolo, na yale mashimo yetu ya mlimani hayachimbwi na mtu wa mguu mmoja. Nilikaa barazani nikimsikia mke wangu akipiga jembe peke yake kule juu. Linagonga, linanyamaza. Likinyamaza najua anashika kiuno, naye ana umri wake. Nililia, mzee mzima.

Nikarudi kwa daktari. Akashika kichwa. "Babu! Hiyo supu imebeba yale yale niliyokukataza!"

Hapo hofu ikaniingia. Nikaapa: nyama, basi. Hata harufu sitaki.

Ikafika Pasaka. Mdogo wangu Ditramu akachinja nguruwe, mke wake akapika. Chungu kikawekwa mbele yangu. Nikamega ugali, nikachovya kwenye maharage. Basi kila mtu pale mkekani akakaa na tonge mkononi. Mafuta yakaanza kuganda.

"Kaka," Ditramu akasema, "nyama ina nini?"

"Haina kitu. Kuleni."

"Tule vipi na wewe umeisusa? Mwite mke wangu, umwambie mwenyewe alichokukosea. Asije akasikia kwa watu kwamba mkubwa wa ukoo ameogopa chungu chake."

Shemeji yangu alikuwa mlangoni. Amesikia. Akajifunika uso kwa kanga. Ndugu zangu, kwetu mkubwa akikataa chungu cha mtu, watu wanaanza kuulizana mle ndani kuna sumu gani. Koo zimevunjika kwa jambo hilo!

Nikafumba macho pale pale. Nikasema moyoni: Bwana, nikila, mguu unakwenda. Nisipokula, ndugu wanakwenda. Nishike wewe!

Sauti sikusikia, siwadanganyi. Ila neno la yule binti lilinijia kama ndiyo kwanza analisema. Punguza! Mara ya kwanza nilikwepa nikaingia kwenye supu, mara ya pili nikaogopa kupita alivyonitisha. Neno lenyewe sikuwahi kulishika.

Nikachagua kipande kidogo, kisicho na mafuta. Nikakitafuna polepole. Utamu ule, jamani! Sijawahi kula nyama nikaisikia namna ile.

"Shemeji," nikaita, "umepika."

Kisha nikasukuma chungu katikati, nikawaeleza yote, gauti, presha na supu yangu ya gulio. Nikangoja wanicheke. Ditramu akavua kiatu.

"Kaka, hata mimi. Dole hili hili. Nilidhani nimetegewa dawa njiani. Na mtu nimeshamfikiria."

"Nani?"

"Usiniulize. Leo asubuhi tumepeana amani kanisani."

Tulishuka naye hospitali wiki ile ile. Gauti! Yule mtu aliyemshuku mpaka leo hajui Bwana alimwokoa na nini.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, namshukuru na yule binti, Mungu amtunze. Vidonge nameza, presha napima. Maumivu kuna siku yanachungulia, siwafichi. Lakini ngolo za mwaka huu nimechimba na mke wangu, yeye safu nzima, mimi nusu, tunataniana.

Wewe uliyekaa hapo na dole lako ndani ya kiatu, usimtafute mchawi, wala usikimbie chungu cha ndugu yako. Mtumaini Mungu, ukapimwe, uambiwe ukweli, uushike kama ulivyo. Kisha Jumapili njooni kwetu, tunachinja. Nitafungua mimi kwa kipande kidogo. Mtamaliza ninyi.