Vidole Vyangu Vilipogeuka Rangi

Bandugu na bamama, mukiniona nimesimama bila fimbo, mumushukuru Mungu kwanza, njo niongee. Asante.

Mi ni fundi wa nguo, masini yangu iko pale karibu na soko ya kambi ya Dzaleka, hapa Malawi. Wakati ule wa korona nilikohoa kidogo tu, nikasema ni vumbi. Halafu asubuhi moja navaa kambambili, mguu unakataa. Naangalia: vidole vimevimba, rangi ya biringanya! Mama yangu wee! Vinawasha, vinachoma. Kukanyaga masini haiwezekani.

Mama mkwe akashika kichwa. "Hii ni karuho! Bamekupatia sumu! Ulikula kwa nani?"

Batoto njo bakasema: kwa jirani yetu, mama mujane, tunashona naye nyumba moja. Alikuwa ameniletea sahani ya sombe. Ndugu zangu, nawaambia, uwanja ulijaa saa ile ile. Banaume banasema huyu mama atoke kambini leo, yeye na batoto bake. Masufuria yake inatupwa inje. Nikapiga makelele, "Mumuache!" Nani anasikiliza mugonjwa?

Yule mama hakubishana. Akaikala chini mbele ya bote, akavua viatu na soksi. Eh! Vidole vyake pia, rangi ile ile.

"Na mi, nani alinipa sumu?" akauliza. "Nilivificha, juu nilijua mutasema hivi."

Mama mkwe alikuwa ameshika sufuria, akaiweka chini pole pole.

Muchungaji akatutafutia gari mpaka hospitali ya Lilongwe. Dokta akaangalia miguu yetu, akauliza kama tulikohoa. Akasema korona inaweza kufanya vidole hivi, hata kwa mutu ambaye haikumuangusha. Sumu hakuna. Tuchunge miguu ipate joto, itapita. Na kweli, ngozi ilichunika, rangi ikarudi.

Muchungaji, aksanti. Dokta yule, zikomo kwambiri popote aliko. Na ninyi munaonisikia: mutu akivimba, mumupeleke hospitali mbele ya kuuliza alikula kwa nani.

Mi nilipona. Lakini jirani yangu, mpaka leo, akiniletea chakula, anakula kijiko cha kwanza yeye mwenyewe, mi nikiangalia. Hajaniambia kwa nini. Najua, na inanitoa machozi.

Mama jirani, uko pale nyuma, nakuona. Mbele ya kanisa nakuomba: usionje tena.