Miaka Ishirini na Minane ya Bi Masouda, na Faili la Nora

Alkhamisi hii, tarehe 30 Oktoba 2025, Bi Masouda binti Saeed anafunga meza yake baada ya miaka ishirini na minane katika ofisi yetu ya Ruwi, Maskati. Aliingia mwaka 1997, ofisi ikiwa na vyumba viwili na mashine moja ya faksi. Tangu hapo kila asubuhi ameendesha gari kutoka Al Amerat, akavuka milima na kufika kabla ya mwenye ufunguo. Bwana Hatem, mkurugenzi wetu, ameniomba mimi, Taghreed, niandike ukurasa huu wa jarida la wafanyakazi. Alisema uwe wa kuchangamsha. Nitajaribu.

Kwa wageni watakaosoma, kazi yetu ni kuwatafutia watu karatasi za wazee wao: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kufa, vya Unguja, Pemba, Mombasa na kwengineko. Familia chungu nzima za Maskati zimepita mbele ya miwani ya Bi Masouda, na jicho lake halidanganyiki. Aliwahi kukikataa cheti cha ndoa cha mwaka 1931 kwa kuwa kimetiwa saini kwa kalamu ya biki, na biki wakati huo haijazaliwa. Aliwahi pia kumrudishia Bwana Hatem kadi ya arusi ya bintiye, ameizungushia duara jekundu, kwa sababu tarehe ya Kiislamu na ya Kizungu hazikupatana. Kadi mia nne zikachapwa upya. Tulicheka wiki nzima, Bwana Hatem mwenyewe akiwamo.

Sifa yake kubwa, lakini, ni Ayalandi. Ilianza na mhandisi mmoja wa huko aliyefanya kazi hapa, akataka kumjua babu wa babu yake. Mwengine angemwambia akatafute kwao. Bi Masouda akajifunza. Akajua kwamba kumbukumbu nyingi za kale za nchi ile ziliungua moto mwaka 1922, na kwamba mtafutaji hushika kwanza daftari la ubatizo la kanisa, halafu akalilinganisha na daftari la serikali la vizazi. Akajisomesha Kilatini cha makasisi kwa kamusi iliyochanika jalada. Mwanamke wa Al Amerat, na anakutajia parokia za jimbo la Mayo kama anayetaja majirani zake! Waayalandi wengi wameondoka ofisini kwetu na majina ya wazee wao mkononi, wengine wanalia.

Na mamaangu naye alikuja. Hapa ndipo kuchangamsha kunaponishinda, Bwana Hatem aniwie radhi.

Mamaangu, Bi Sabah, alizaliwa Unguja mwaka 1953. Mamaake alikuwa muuguzi kutoka Ayalandi, jina lake Nora, aliyeolewa na babu yangu Hamoud, akafariki mtoto ana miaka mitano. Mamaangu alibaki na jina hilo, mwaka wa 1921 aliozaliwa Nora, jina la mji mdogo wa Mayo, na picha moja. Mwaka 2017 alikuja kutoka kwake mtaa wa Hail na sinia la sambusa, akamwambia Bi Masouda: "Nna miaka sitini na nne, mdogo wangu, na sijapata kumwona mtu wa upande wa mama. Nitafutie japo mmoja."

Kila nilipouliza, Bi Masouda alinijibu kwamba haijathibitika. Mamaangu hakuwa mtu wa kumsukuma mwenziwe. Alisubiri, mpaka akafariki Machi 2021.

Mwezi uliopita nilianza kukabidhiwa meza ya Bi Masouda. Katika mtoto wa meza wa chini nikakuta faili la Nora. Ndani mna karatasi mbili na barua, zote zimefika mwaka 2018. Daftari la kanisa linasema Nora kabatizwa tarehe 2 Machi 1921. Cheti cha serikali kinasema kazaliwa tarehe 11 Machi. Pembeni, kwa wino mwekundu wa Bi Masouda, imeandikwa kwamba mtoto habatizwi kabla hajazaliwa, kwa hiyo hawa ni Nora wawili. Barua ni ya kasisi wa mji ule. Anasema mdogo wake Nora, Kathleen, ana miaka themanini na minane, anaishi katika nyumba ya wazee nyuma ya kanisa, akili zake timamu, na anataka kuzungumza na mtoto wa dada yake. Ametia na nambari ya simu.

Nambari ya simu, jamani! Zaidi ya miaka miwili imelala humo, na mamaangu yu hai.

Nilimuuliza Bi Masouda. Hakukana. "Ningempa mamaako khalati, mama mdogo asiye wake," alisema, "ungenisamehe?"

Nikaandika mwenyewe kwa kasisi aliyepo sasa. Jawabu lilikuja siku ya pili. Tarehe kama hizo huko zimejaa tele, alisema, kwani wazazi waliochelewa kumwandikisha mtoto serikalini waliisogeza mbele siku ya kuzaliwa ili wakwepe faini. Swali moja tu lilitakiwa. Na Bi Masouda hakuliuliza, yeye ambaye pasi yake inasema kazaliwa tarehe mosi Januari, sawa na kaka zake Asaad na Jaifar, kila mmoja na mwaka wake, kwa kuwa karani wa zamani ndivyo alivyojaza! Miaka yote tumeicheka tarehe hiyo pamoja naye.

Kasisi aliongeza kwamba Kathleen alifariki Novemba 2020. Mpaka siku zake za mwisho, posta ikifika, aliuliza kama mna barua ya Maskati. Nna uchungu, na sioni haya kuusema hapa.

Bi Masouda, kazi nnayoijua umenifundisha wewe, na kwa hilo ahsante. Familia nyingi zina wazee wao leo kwa ajili yako. Ofisi nzima inakutakia siha, umri mrefu, na wajukuu wa kukupigia kelele nyumbani. Kadi yako ya kuagwa imezunguka meza zote, na kila mtu ametia jina lake. Langu halimo.