Savarimuthu Arokiam, Aliyepitisha Mkono Ukingoni mwa Bawa

Huyu aliyelala mbele yenu ni mume wangu, Savarimuthu Arokiam. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 Champion Reef, Kolar, kwenye nyumba za wachimba dhahabu, mtoto wa tatu wa mzee Arokiam na mama Susaiamma. Baba yake alishinda chini ya ardhi mpaka mapafu yakajaa vumbi. Savari alipoulizwa utotoni atafanya kazi gani, alisema yoyote, mradi iwe juu. Majirani walicheka.

Alisoma shule ya Kitamil ya mgodini hadi darasa la nane, na mwaka 1963 akaja Bangalore chuo cha ufundi. Mwaka 1966 aliajiriwa kwenye shule ndogo ya urubani nje ya mji. Alianza kwa kufagia banda la ndege, akapewa kugonga ribiti za kushikiza mabati, mwisho akawa fundi wa mabawa na nyaya.

Tulifunga ndoa tarehe 27 Mei 1974 katika kanisa hili hili. Tukiwa kwenye treni ya Kolar kwenda kuwaona wazee, maua ya harusi yangali kichwani mwangu, aliniambia, "Toa mkono dirishani."

Nikamwambia, "Ukikatika utanirudisha kwa baba?"

"Toa, mama. Laza kiganja, kidole gumba kitangulie. Hilo ndilo bawa. Mifupa yako ndiyo boriti na mbavu, ngozi yako ndiyo bati. Sasa shusha kidogo upande wa kidole cha mwisho."

Nikashusha, upepo ukaunyanyua mkono mpaka begani. Nikapandisha, mkono ukadidimia. Nilicheka mpaka bibi mmoja aliyekaa mbele yetu akajifunika sari kwa aibu yangu.

Akanieleza kwamba ndege nzima ndiyo hiyo. Kila bawa lina kibao nyuma, karibu na ncha. Rubani akipeleka usukani kushoto, kibao cha kushoto kinapanda, cha kulia kinashuka, ndege inalalia kushoto. Akipeleka upande wa pili, inarudi kukaa sawa. Mkiani kuna kibao kilicholala, kinainua pua na kuishusha, na kingine kimesimama, kinaigeuza pua huku na huku kwa miguu ya rubani. Vyote vinavutwa na nyaya. "Na mwenye nyaya ni mumeo," akasema. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akijisifu.

Ndege ikiegeshwa, vibao vya mabawa hubanwa ili upepo usivipigepige. Kibano kimoja cha mbao kinatosha, kwa kuwa vibao vyote viwili vimeungana kwa waya. Kibano kinafungwa kitambaa chekundu ili kisisahaulike. Kabla ndege haijaruka, Savari alikuwa akiizunguka na kupitisha mkono ukingoni mwa kila bawa, ncha hadi ncha. Macho hakuyaamini. Hata nyumbani, akifunga kabati, alipitisha mkono.

Siku ya Ayudha Puja, sikukuu ya Wahindu, kila mtu huku anavisha maua chombo chake cha kazi, na ndege nazo zilivishwa. Ndimu ziliwekwa chini ya matairi, na vikafungwa vitambaa vyekundu vya baraka, ambavyo havifunguliwi, vinaachwa vianguke vyenyewe. Savari, Mkristo peke yake pale bandani, alikubali yote na kula peremende zao. Neno lake lilikuwa moja: vitambaa vikae puani, bawani marufuku. Mwaka 1987 mlinzi Muniyappa akamtania mbele ya wenzake.

"Wewe Savari, Yesu wako ana wivu? Pua ivae, bawa likae uchi?"

Watu wakacheka. Savari naye akacheka. Akasema, "Haya, mzee, livishe." Muniyappa akafunga maua na kitambaa chekundu kwenye bawa la kushoto la ndege moja.

Jioni mawingu yakakusanyika, na Savari mwenyewe akafunga vibano, cha ndege ile akakifunga bawa la kushoto.

Asubuhi ya tarehe 3 Oktoba, Vinutha, msichana wa miaka kumi na tisa, binti wa mwalimu Nanjundaiah, alikuwa na zamu ya kuruka peke yake na ndege hiyo. Savari alipitisha mkono bawa la kulia, kisha akaitwa bandani. Alitazama la kushoto kwa mbali. Ndege nyingine zilikuwa zimeshafunguliwa vibano, akajua na hii imefunguliwa. Aliona maua, akaona wekundu, akadhani ni baraka tu. Ndege ikainuka. Upepo ukailaza ubavu, na kibao cha kuirudisha kilikuwa kimefungwa. Mtoto alikufa pale pale.

Wakaguzi walisema rubani alitakiwa azungushe usukani kabla ya kuondoka, aone kama vibao vinacheza. Savari aliwajibu, "Mtoto akisahau, ndiyo maana mimi nipo." Akaacha kazi. Miaka iliyobaki alitengeneza baiskeli mtaani kwetu, na kila tarehe 3 Oktoba alikwenda kusimama langoni kwa mwalimu mpaka jua linakuwa kali. Lango halikufunguliwa. Nilimwambia aache, hakuacha.

Tarehe 18 Novemba 2008 alipooza upande mmoja. Alipoweza kusema tena, aliniambia, "Kibao cha kushoto kimebanwa, Gnanamma." Februari akaniomba nimwite mwalimu.

Nilikwenda kwa miguu. Mwalimu alinifungulia mwenyewe, akanipa kiti.

"Mwalimu, anakufa. Anataka neno moja."

"Nalijua, mama. Kila alipokuja langoni nilikuwa nalo mdomoni. Nikiiona ile mikono yake, linarudi ndani."

"Basi nipe mimi nimpelekee."

"Halipo. Ukitaka la uongo, chukua."

"Sikutembea huku kote kufuata uongo."

"Basi mwambie nimezeeka na sijaweza."

Savari aliponiuliza, nilimwambia hivyo hivyo. Sijawahi kumdanganya. Alisema, "Yuko sawa," akageukia ukutani. Alikata roho tarehe 12 Februari 2009, saa nne asubuhi, nimeshika mkono wake wa kulia.

Ameniacha mimi, Gnanamma. Binti yetu Jasinta, anayewasomea haya. Na mwana wetu Amalraj, aliyefika jana kutoka Maskati. Amekuja kwa ndege, na sikukaa chini mpaka nilipomwona mlangoni. Ameacha wajukuu wanne. Vinutha alimtangulia, na jina lake alilitaja kila usiku katika sala pamoja na ya wanawe, kwa hiyo naliandika hapa.

Padri ameniambia niandike kwamba amekwenda akiwa na amani. Sikuandika. Hakwenda nayo, na mimi sina.

Walioleta maua mekundu tunawashukuru, wayaache langoni. Na kabla kifuniko hakijapigwa misumari, naomba mmoja wa mafundi wenzake apitishe mkono ukingoni mwa jeneza, pande zote, polepole, ahakikishe hakuna kilichobaki kimefungwa. Akimaliza, aseme. Hapo ndipo tutamwachia aende, Mungu ampe pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa.