Vichwa vya Mbogo Kwenye Viti vya Ndege

Bwana Administrateur, Bwana Directeur wa sosiete ya ndege ya Baamerika, uliyetoka mbali kuja kufungua kiwanja hiki, Bwana Chef wa secteur, Shehe Waziri wa musikiti wetu, Bwana Mupastori na bazee ba kanisa mulioshuka kutoka milimani, na ninyi bamama na bababa ba Baraka mulioambiwa musimame nyuma ya kamba: mimi Anatole, mwalimu wa batoto benu, ninawaamkia wote, na wale wa nyuma ya kamba ninawaamkia mara mbili.

Jacques, wewe mukalimani, umutafsirie Bwana Directeur kila neno. Usitie sukari.

Nilipewa kazi ya kushukuru, nami nitashukuru. Lakini nani hapa asiyejua mambo ya asubuhi hii? Mukankuranga, muke wa Gisaro, iko mu dispensaire, zahanati yetu ndogo. Mutoto amelala vibaya tumboni, na infirmier amesema wazi kwamba hapa hawezi kumupasua: afike hospitali ya Usumbura leo, ama tutamuzika pamoja na mutoto wake. Daraja la kuelekea Makobola, njia ya Usumbura, limechukuliwa na mvua. Mashua ya injini imekwenda Albertville. Ndege hii itafika Usumbura kabla maji ya bugali hayajachemka. Gisaro alikuja, akavua kofia, akaomba sosiete kiti. Akajibiwa kwamba viti vimejaa.

Vimejaa nani? Nilichungulia dirishani mimi mwenyewe. Bawindaji babili batakaa mbele. Kwenye viti vilivyobaki bamefunga vichwa vya mbogo, kwa mikanda, ili visianguke njiani!

Bamama, musicheke. Mimi sicheki, nina hasira.

Tena tuliambiwa ni sheria ya sosiete: tiketi inanunuliwa New York. Sawa. Mbogo huyu wa Kilembwe, yeye alikwenda New York lini? Nani alimusindikiza?

Bwana Directeur, usidhani ninasema juu ya kitu nisichokijua. Kabla ya kusomea ualimu nilibeba masanduku ya basafiri kule Léopoldville, ndege kubwa za Amerika zinapotua, na fundi wao mmoja, muzee wa nywele nyeupe, alipenda kunihadithia jinsi sosiete za kwao zilivyoanza. Zilianza na barua. Serikali yao ilizilipa kubeba mifuko ya posta, na msafiri akikubaliwa, alikaa juu ya mifuko hiyo, magoti kwenye kidevu, akishukuru Mungu. Marubani balitua mashambani kwa bantu. Bakulima baliwasha moto usiku ili rubani asipotee, na akianguka bakamulisha na kumufunga vidonda. Halafu sosiete ndogo zikamezwa na kubwa, kama samaki wa ziwa letu, mpaka zikabaki chache zenye nguvu, zinazopita juu ya vijiji vilevile bila kuviangalia.

Na fundi yule aliniambia neno lingine, ambalo leo linaniumiza. Wasichana wa kwanza kuhudumia basafiri katika ndege za Amerika balikuwa bainfirmière. Ndiyo, bauguzi! Sosiete iliwatafuta hao kwa makusudi, ili muntu akiugua hewani apate wa kumushika. Basi, sosiete iliyokuwa inatafuta bauguzi ilianza lini kukimbia bagonjwa? Ama mugonjwa wa rangi yetu si mugonjwa? Maana hata kwao, mpaka mwaka huu wa 1957, Muamerika mweusi anabeba masanduku na kufagia, lakini usukani wa ndege zao kubwa hajapewa.

Sasa tuje kwa shukrani. Kiwanja hiki kilishindiliwa na nani? Mashine ilikwama Uvira. Muntu wa sosiete akapanda milimani, akaahidi mbele ya kanisa zima kwamba ndege itabeba bagonjwa. Gisaro akashusha ng'ombe zake, akazitembeza hapa, ziende zirudi, mpaka udongo ukawa mugumu kama sakafu. Bazee balimukataza, kwa sababu ng'ombe ya baridi ya milimani haiwezi kuvumilia kupe wa ziwani. Nilikuwa pale alipowajibu: «Mi nasikia ndege itabeba bagonjwa. Ng'ombe ikikufa, ingine itazaliwa. Muntu hapana.» Zilikufa nyingi. Hakulalamika hata mara moja. Leo ameomba kiti kimoja, na amefukuzwa kwa mukono kama mbwa wa sokoni. Shukrani ya punda ni mateke, bazee balisema, lakini punda ni munyama.

Ninaona Bwana Directeur anaangalia saa. Nilipewa dakika chache, kweli, nami nimezila zote na kulamba sahani. Lakini programme yenyewe ninyi muliiandika: kwanza hotuba, halafu utepe, halafu ndege iruke. Hotuba isipoisha, utepe haukatwi. Mulidhani mwalimu huyu ni mupenda maneno. Sivyo. Nilikuwa ninangoja bantu babebe mugonjwa kwa kipoyi, kitanda cha mabegani, kutoka dispensaire, na njia ni ya matope, na mugonjwa hatikiswi.

Sasa ninawaona. Banapita nyuma ya soko. Gisaro iko mbele, na Mukarurangwa, mama ya Mukankuranga, ameshika kichwa cha binti yake. Ameinua mukono: banapumua bado, mama na mutoto.

Ninyi wa nyuma ya kamba, ikanyageni, mufungue njia. Shehe Waziri, Bwana Mupastori, mushike ngazi ya ndege ninyi babili, maana sioni askari atakayethubutu kuwasukuma. Bwana Directeur, sikuombi tena. Mama huyu atapanda. Ukitaka kumuzuia, shuka jukwaani umuzuie kwa mikono yako mwenyewe, mbele ya mume wake na mbele ya mama aliyemuzaa.

Asanteni kwa masikio yenu. Sasa muniletee mabega, kipoyi kimefika.