Uko Salama?

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini mpika chai wa ofisini, mama mwenye aproni na chupa kubwa mapajani, alichagua kukaa kando ya mzamiaji aliyebana mtungi wa hewa kwa magoti. Nyuma yao, nilijifanya nasoma gazeti. Lilikuwa la juzi.

"Mwanangu, kazi zetu ni moja," alianza mama. "Tunashughulika na vitu vinavyozama."

"Majani ya chai hayahitaji mtungi, mama."

"Yanahitaji subira. Ukiyaharakisha, unakunywa maji ya rangi."

"Hata mimi nikipanda juu haraka, damu inafanya povu. Lazima nisimame njiani, nisubiri."

"Basi nawe unaiva!"

Mzamiaji alicheka mpaka mtungi ukagonga kiti. Kisha akasema tofauti ipo: chini ya maji haendi mtu peke yake. Mwenzako anakuuliza kila mara kwa vidole kama uko salama, nawe unajibu kwa ishara hiyohiyo. Akaunganisha kidole gumba na cha shahada, duara. "Chai unapika mwenyewe tu."

"Naipika mwenyewe, ndiyo. Ila nyumbani, tangu mzee wangu afariki, mkono bado unatia maji ya vikombe viwili. Wewe nyumbani nani anakuuliza?"

Mzamiaji akainama kukaza mkanda wa mtungi, ambao haukuwa umelegea.

Basi likasimama, mama akashuka. Akiwa nje akageuka, akainua mkono dirishani: duara la vidole. Mzamiaji alikuwa bado ameinama.

Nikajibu mimi.