Mama Adolphine Mbelu, Aliyesimulia Pale Filamu Ilipoishia

Ndugu wa familia, majirani, wakristo wenzetu, na ninyi wote mlioacha kazi zenu ili kuja kulia pamoja nasi, naitwa Laurentine, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma nisome mbele yenu maisha ya mama yetu, tangu alipozaliwa hadi siku alipotuacha.

Mama Adolphine Mbelu alizaliwa Mutshatsha, tarehe 14 machi 1948, akiwa binti wa tata Mwamba, mfanyakazi wa reli, na mama Bilonda, mkulima wa mihogo. Nyuma yake alizaliwa Kisimba, ndugu yake wa kiume wa pekee, ambaye mama alimbeba mgongoni mpaka alipojua kutembea, na ambaye leo yupo pamoja nasi, ameketi pale karibu na jeneza.

Alisoma shule ya msingi kwa masista wa Mutshatsha, kisha mwaka 1961 akatumwa Kolwezi kwa shangazi yake, akajifunza ushonaji, na mwaka 1966 akapata kazi ya cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa katika mtaa wa Manika, duka la tata Ramnik na mke wake mama Kanta, Wahindi waliofika kwetu kwa njia ya Kigoma. Mchana, wateja wakiwa wachache, mama Kanta alikuwa akivua viatu, anakaa juu ya mkeka, na kumsimulia mama yetu hadithi takatifu za dini yake, hasa ile ya mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwenda porini kwa sababu ya ahadi ya baba yake, na mke aliyekubali kumfuata, na jinsi mke huyo alivyoibwa na mfalme wa mashetani akapelekwa kisiwani, mpaka jeshi la nyani likajenga daraja juu ya bahari ili akombolewe. Mama alikuwa mkatoliki wa kila misa, na katekista alipomuuliza kama anaabudu miungu ya wengine, alijibu kwamba anasikiliza tu, na kwamba mtu akikufungulia mlango wa chumba anachosalia, unaingia polepole.

Mwisho wa mwaka 1973 ilitangazwa kwamba maduka ya wageni yatapewa wenye nchi, na mwaka uliofuata tata Ramnik na mke wake waliondoka Kolwezi na masanduku mawili. Siku ile mama Kanta alimshika mama mikono, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kigoma, "Adolphine, hadithi hii kwetu ni ibada. Ukiisimulia, usiikate mahali watu wasipopapenda." Mama hakupata tena habari zao.

Alifunga ndoa tarehe 8 agosti 1970 na baba yetu, tata Kalombo Gracien, fundi wa umeme katika migodi, aliyezaliwa hapa hapa Kolwezi, ingawa baba yake alitoka Kasai kuja kuchimba shaba, na yeye mwenyewe Kasai alikuwa hajawahi kuiona. Mungu aliwapa watoto watatu, mimi mwaka 1971, Mwamba mwaka 1976, na mwaka 1988, wakati mama alikuwa amekwisha kugawa nguo zote za watoto wachanga, Bilonda wetu.

Mwaka 1986 wazazi wetu walifungua chumba cha video katika kiwanja chetu cha Manika, na tata Abibu, msafirishaji aliyekuwa akipita Zambia, ndiye aliyewaletea kaseti. Miaka mitatu baadaye alileta kaseti za ile hadithi takatifu, zikisema kihindi kitupu, ambacho mama hakukielewa hata neno moja, lakini hadithi aliijua, basi akasimama kando ya televizyo na kuwaeleza watu. Alikuwa na utaratibu wake. Picha ikienda sawa na maneno ya mama Kanta, alisema, "Apa filme njo inasema," na picha ikipotoka, alisimamisha mashine, akasema, "Sasa ni mi njo nasema," akaeleza kwamba pale wanapocheza ngoma, katika hadithi yenyewe watu walikuwa wanalia, au kwamba yule shetani waliyemfanya mjinga wa kuchekesha alikuwa msomi mkubwa na mwenye kusali sana, na uovu wake ulikuwa mahali pengine. Wakati wa maombi ndani ya filamu aliwakataza watu kula karanga. Tata Abibu alilalamika, "Mama, bantu banakuya kwa sababu ya nyimbo, weye unabasimamishia!" Mama alicheka, lakini alisimamisha.

Zaidi ya yote, alisimamisha mwishoni. Filamu iliishia pale mfalme na mkewe wanaporudi nyumbani, taa zimewashwa kila dirisha, taji linawekwa, watu wanapiga makofi na kutafuta viatu vyao. Mama alikuwa akiwaambia wakae. Aliwasimulia kwamba baadaye watu wa mji walianza kusema maneno juu ya yule mke, kwamba alilala katika nyumba ya mwanaume mwingine, na mfalme, ingawa alijua moyo wa mkewe ni safi, alimfukuza porini akiwa na mimba, kwa sababu ya maneno yao. Wanaume wengi walisema anawaharibia furaha, na wanawake walibaki wamekaa.

Mwaka 1990 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulibomoka, kazi ikaanza kufa, mishahara ikakauka, na watu wenye njaa wakaanza kuambiwa kwamba adui wao ni jirani mwenye jina la Kasai. Mjomba Kisimba wakati ule alikuwa mkubwa wa vijana wa mtaa. Nasoma jambo hili kwa ruhusa yake, kwani yeye mwenyewe ameomba lisiachwe. Jumapili moja ya februari 1993, baada ya misa, alifika na vijana wake, chumba kikajaa mpaka nje, akamwambia mama, dada yake mkubwa, mbele ya watu wote, "Yaya, leo utasema hivi, bale mashetani ba ku kisiwa njo Bakasai. Bantu bataelewa mbio."

Mama alimjibu, "Ile haiko mu filme, Kisimba. Haiko mu kinywa ya ule mama alinifundishaka. Siwezi kuiweka."

Alionyesha filamu yote, akaisimulia kama kawaida, na taji lilipowekwa akasimama mbele ya kioo cha televizyo. Nilikuwa mlangoni, nimembeba Bilonda, na sauti yake ninaisikia hata sasa. "Filme inaishia apa. Hadisi haiishie apa. Ule bibi, ni nani alimufukuza? Mashetani balikuwa bamekufa bote. Hakukuwa shetani hata moja mu ule muji. Kulikuwa majirani tu."

Mjomba alitazama chini, lakini vijana wake walikuwa wanamtazama yeye, akatoa amri, nao wakavunja televizyo, mashine na mabenchi, wakakanyaga kaseti. Mwezi uliofuata baba aliambiwa aondoke. Mjomba alikuja asubuhi, akasimama nje ya kiwanja, akasema, "Yaya, weye bakia. Hauko mu-Kasai." Mama alikuwa anafunga sufuria ndani ya kitenge. "Na hawa batoto, Kisimba, beko ba nani?" Mama akakaza fundo, akatoka nyuma ya baba.

Tuliishi kwenye gare ya Kolwezi pamoja na maelfu ya wengine, chini ya mashuka na mabati, mvua ikitunyeshea, tukingoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Surua iliingia kwa watoto. Bilonda wetu alikufa pale tarehe 22 aprili 1993, na baba na wanaume wengine wawili wakamzika na kurudi mbio, kwa sababu treni ilikuwa imeingia. Mama alipanda treni ile bila kumwona mtoto akifunikwa.

Tulifika Mwene-Ditu, huko Kasai, tukaanza upya katika nyumba za watu wasiotujua, mama akishona, baba akitafuta kazi ya umeme mahali pasipo na umeme, na tarehe 3 julai 1997 baba alifariki. Mama hakusimulia hadithi kwa miaka mingi.

Mwaka 2004 alirudi Kolwezi, akakaa Kasulo kwangu, mpaka watu walipoanza kuchimba cobalt chini ya nyumba zao na ukuta wetu ukapasuka, tukahamia tena Manika. Mjomba alikuwa anatuma salamu na unga, na mama alipokea unga. Mwaka 2016 wajukuu, Gradi na Shekina, walimletea mfululizo mpya wa ile hadithi, uliotafsiriwa kwa kifaransa, na mjomba akaanza kuja jioni kutazama naye, bila kualikwa na bila kufukuzwa. Safari hii watengenezaji hawakuacha mwisho, mke alifukuzwa mbele ya macho yetu, na mfalme akaonyeshwa akilia, analia kitandani, analia bustanini, muziki ukilia naye. Shekina alimuuliza bibi yake, "Koko, hawa bamesema yote?"

Mama akajibu, "Bameiweka. Lakini machozi yote bamemupa mufalme."

Ndipo mjomba aliposema, akiwa bado anatazama televizyo, "Yaya, siku ile pa gare mi nililia. Nilisimama nyuma ya mabehewa."

"Nilikuona," mama alisema. "Lakini treni haikurudi."

Mjomba alipiga magoti kwenye saruji, mtu wa miaka sitini na zaidi, akauliza afanye nini. Mama hakumwambia kwamba yamekwisha. Alimwambia, "Unitafutie mutoto wangu."

Alimtafuta miezi mingi, akiuliza kwa wazee waliobaki karibu na gare, mpaka akampata mmoja wa wale wanaume wawili, naye akaonyesha mahali. Mjomba alijenga kaburi kwa mikono yake, na tarehe 22 aprili 2018 akamshika dada yake mkono, wakaenda pamoja, na mama akakaa kando ya Bilonda mpaka jua likawa kali. Kutoka siku ile mama alimwita tena mjomba kwa jina lake la utotoni.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 2019, ukamchukua mguu wa kushoto, kisha macho, na tarehe 9 juni 2021, saa nne ya asubuhi, alituacha, akiwa na miaka sabini na mitatu. Ameacha watoto wawili, wajukuu saba na ndugu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Manika na wa Kasulo waliopika na kulala nasi chini, akina mama wa chama cha ushonaji, familia ya tata Abibu walioleta maji na mahema, na padre aliyempa sakramenti.

Mama, tunakupeleka sasa kando ya Bilonda, kama ulivyoomba, na mahali pale hakuna mtu atakayekuja kukuambia uondoke. Pumzika, mama yetu, amani ikufunike.