Mwalimu wa Raga na Hindi Lake

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye matatu ya kwenda Kapsoya, na mimi masikio yangu ni mazima kuliko meno. Mwalimu mmoja, aliyejiita Nicanor, alikuwa akitafuna hindi la kuchoma peke yake huku akimsomesha raga dada wa kando yake.

"Niliona kwa simu mabingwa wa Uingereza wakicheza na wa Australia. Mtu akiangushwa hawamrundikii. Anasimama, anarudisha mpira nyuma kwa kisigino. Vijana wangu nimewafunza hivyo muhula mzima. Kesho ni fainali ya kaunti!"

"Mwalimu, hiyo ni raga ingine, ya watu kumi na tatu. Ya mashule ni ya kumi na tano. Wakifanya hivyo, refa atapuliza filimbi mpaka mate imuishe."

"Wewe msichana, raga umeijulia wapi?"

Dada akafungua mkoba, akatoa filimbi. "Refa wa kesho ni mimi."

Mwalimu alilitazama hindi lake, akalivunja, akampa kipande kikubwa. "Kwani nilikuwa nimekunyima, madam? Kesho utuonee huruma."

Gari likasimama. Dada akashuka akitafuna. Sijui kesho atapuliza filimbi kwa mdomo upi.